Harufu ya Gundi

Kwako Dada,

Shikamoo. Natumaini barua hii inakukuta mzima, goti limepoa, na wanafunzi wako wa ushonaji wamepunguza kukuvunjia sindano. Sisi huku hatujambo. Mbavu zangu zimeunga, ila nikicheka sana upande mmoja hunikumbusha kuwa na adabu.

Ulisikia kwamba nilianguka kutoka kwenye ngazi nikifunga kitasa cha lango la ghala. Ambalo hukusikia ni kwamba pale chini, nikiwa chali natazama mawingu, niliamini kabisa kwamba ndiyo safari. Wanasema mtu akifika hapo humkumbuka Mungu. Mimi nilikukumbuka wewe, pamoja na jambo nililokufanyia zamani, na aibu ikaniuma kuliko mbavu. Nikaapa kwamba nikiinuka nitakuwa mtu mwema.

Basi nikainuka. Lakini badala ya kuja kwako, nikaanza kuwatendea wema watu wengine wote, kama mtu anayepaka rangi ukuta huku paa linavuja. Nikatangaza kwamba kila Jumamosi natengeneza vitasa bure.

Jumamosi ya kwanza alikuja mama mmoja mpole, kikapu mkononi, akasema amepoteza ufunguo wa nyumba yake. Nilimfungulia, nikambebea na kikapu hadi ndani. Akaniombea dua ndefu mpaka machozi yakanilengalenga. Jioni akaja mwanamume mmoja bila dua yoyote. Nyumba ilikuwa yake. Yule mama alikuwa mtalaka wake, naye alishaondoka na godoro, mapazia yote na balbu ya sebuleni. Jumapili nzima nilishinda nikimtundikia bwana yule shuka madirishani.

Nikaona vitasa vina hatari, nikaenda kutoa damu. Muuguzi alinipaka tu pamba yenye spiriti mkononi, nikazimia. Nilipozinduka nilikuwa nimelazwa kitanda cha watoaji na kunyweshwa juisi ya watoaji, na bibi mmoja mwembamba, aliyekwisha kutoa damu yake, alikuwa ananipepea kwa mtandio.

Wifi yako akanishauri nipumzike, akisema wema wangu unawachosha watu. Sikumsikia. Nikaenda makao ya wazee, ambako kitasa cha stoo ya chakula kilikuwa kibovu kiasi kwamba mpishi alikuwa anafungua mlango kwa nyonga. Nilikitengeneza kwa ufundi wangu wote, Dada. Kisha nikaufunga mlango ili kujaribu, na funguo zote mbili zilikuwa ndani, juu ya gunia la mchele.

Nilihangaika nacho hadi saa saba. Hakuna kitasa kigumu kukifungua kama ulichokitengeneza kwa nia njema. Wazee walikuwa wamekaa mezani na vijiko vyao, wananitazama. Mmoja akasema, kwa upole, kwamba kabla sijawasaidia walikuwa wanakula saa sita.

Bibi mkuu wa makao akaagiza aitwe seremala. Akaja mtu mwenye mvi, sanduku la vifaa begani na penseli nyuma ya sikio. Dada, alikuwa yeye. Yule fundi aliyekuja kututengenezea madirisha mwaka ule tulipomzika mama, kazi ya siku tatu ikamchukua mwezi mzima, kwa sababu kila dirisha lililoelekea kwenye cherehani yako lilihitaji kupimwa upya. Yule tuliyemwita Penseli.

Aliung'oa mlango, wazee wakala, sisi tukabaki kuurudisha. Ndipo akakuulizia. Aliuliza kama u mzima, kama bado unashona. Halafu, bila kunitazama, akauliza, "Na harufu ya gundi, bado haipendi?" Akanieleza kwamba tangu mwaka ule aliacha gundi akahamia misumari, ndiyo maana viti vyake vyote vinalia mtu akikaa, na wateja wamemsema mpaka amezoea. Alioa baadaye, akaishi na mkewe vizuri, naye mkewe amefariki miaka sita iliyopita. Hata huyo marehemu hakuwahi kuelewa kwa nini mumewe ananawa mikono kwa limau kabla ya kuingia ndani.

Sasa Dada, kaa kitako. Nilikuwa na miaka kumi na saba. Penseli alinituma nikuulize kama ungependa alete posa. Sikukuuliza. Nilijiuliza nani atanipikia na nani atanipigia pasi sare, nikarudi nikamwambia umesema huwezi kuishi na mwanamume anayenuka gundi. Kwako nikasema nimesikia ana mke na watoto wawili kwao. Wewe uliosha sufuria moja mara tatu. Nilikuona, na jioni ile nikala nikashiba.

Nilimwambia yote palepale stoo. Akaniambia niushikilie mlango kwa mgongo ili apime bawaba. Akapima, akapima tena, hadi magoti yakaanza kunitetemeka. Nadhani alikuwa amemaliza kupima kitambo. Kisha akauliza ulisema nini siku ile nilipokudanganya. Nikamweleza habari ya sufuria. Akageuka, akapanga misumari yake mmoja mmoja sandukuni, jambo ambalo sijaona seremala yeyote akilifanya.

"Mwandikie," akasema mwishowe. "Mwandikie yote. Ila barua nitaipeleka mimi, maana ujumbe ukipitia kwako hufika umevunjika mguu."

Kwa hiyo, Dada, mtu aliyekukabidhi bahasha hii, akakwambia ametumwa tu, ndiye. Sijui kama umemtambua. Amenenepa kidogo. Ikiwa umemwacha amesimama mlangoni, tafadhali mpe kiti.

Sikuombi unisamehe leo. Ulinilea ukanisomesha, nami nikakuibia jambo kabla hujajua kama unalitaka. Huenda ungelikataa. Huenda maisha uliyojijengea yalikutosha, na yanakutosha hata sasa. Ukimfukuza, mfukuze. Lakini mfukuze kwa sababu zako mwenyewe, si kwa zangu.

Wifi yako anakusalimu sana. Ameisoma barua hii mara mbili, na tangu hapo anazungumza nami kupitia watoto. Watoto wenyewe hawajambo, wanamwamkia shangazi yao.

Ni mimi mdogo wako niliyekukosea,

Kijiko