Baba, Nimevuka Mstari wa Majivu

Baba,

Mjukuu wako Nekesa amekalia mstari wa majivu sasa hivi tu. Hakuukanyaga, ameukalia, matako yote mawili, halafu akajiburuta vile anavyofanya akitaka kufika mahali bila kutembea. Alipopita pamebaki wazi kama mlango. Kisha akachota majivu yaliyobaki akajipaka mdomoni. Baba Mdogo, ambaye ndiye aliyeyamwaga asubuhi, alianza kumgombeza, akaacha. Mtoto asiyejua hata kusema maji, utamgombeza nini?

Nimemchukua, nimekaa naye hapa mlangoni, ananyonya. Mkono mmoja umebaki, na ndio ninaokuandikia.

Moto unawaka, Baba. Tanuru lako linawaka.

Najua utauliza nani amewasha. Ni mimi. Tulia kwanza nikueleze.

Tangu tukuzike nyumbani kwetu Samia, hapa Lindi, Kibera, watu wamekuwa wakipita uani na kutikisa kichwa. Wanaangalia tanuru lako la udongo la kuyeyushia mawe ya chuma, refu kama mtu, wanasema pole, halafu wanasema si mbomoe sasa mpate mahali pa kuanika nguo. Wengine wanacheka bila kujificha. Ati mzee wa watu alikufa kifua kwa vumbi la mawe na moshi wa wazimu wake. Nimekuwa nikinyamaza. Wewe ulinifundisha kunyamaza ukichekwa. Lakini nimechoka kunyamaza, Baba, nikwambie ukweli. Nimechoka.

Halafu jana Baba Mdogo amefika na basi. Amekuja na gunia la kubebea nyundo na fuawe lako, na amekuja na sururu. Amesema wewe hukuzaa mtoto wa kiume, kwa hiyo vyombo vya uhunzi vinarudi kwa ukoo, na tanuru linabomolewa, kwa sababu tanuru lisilo na mwenyewe huleta msiba. Aliyasema kwa upole. Si mtu mbaya, ni ndugu yako na mmefanana hadi kucha. Nilipomwona amesimama uani, nilitaka kumkimbilia, nimwite Baba.

Nikamwambia, Baba Mdogo, niachie niliwashe mara moja. Chuma kikitoka, unarudi na gunia lako tupu. Kisipotoka, sururu nitaishika mimi mwenyewe.

Akanicheka. Akasema, "Msichana, ndugu yangu fundi alishindwa. Wewe nani?"

Mimi ni mtu aliyekaa nje ya mstari akitazama. Ndimi huyo.

Unakumbuka Jumapili zile ulizonipeleka machimbo ya Kawangware, wakati wachonga mawe wenzako wamepumzika? Mimi mdogo, viatu mkononi. Wenzako wote walikuwa wanatafuta jiwe la kujengea, lile la kijivu, na ule muramu wa juu, udongo mwekundu wenye kokoto, wanautupa kando. Wewe ulikuwa unachokora takataka zao. Ukanifumba macho kwa kitambaa, ukaniwekea jiwe moja kila kiganja. Ukasema, "Jiwe la nyumba hulala mkononi. Jiwe la chuma huvuta mkono chini. Lipi linakuvuta?" Sikukosea hata mara moja, na ulifurahi ukaninunulia mandazi.

Watu walikuuliza, mzee, Nairobi nzima imejaa vyuma chakavu, kwa nini unajitesa na mawe? Ukawajibu, "Chakavu ni chuma kilichochoka kwa mtu mwingine. Mimi nataka chuma ambacho hakijawahi kuwa cha mtu." Na jingine ulilipenda, kwamba bendera tumepandisha lakini jembe la kuipalilia nchi bado linatoka ng'ambo. Wakacheka. Mimi sikucheka. Niliamini kila neno, na bado naamini.

Darasa la nne niliishia, lakini lilinitosha kukuandikia barua zako za nyumbani. Uliniambia niandike salamu, niulize ng'ombe, halafu mwisho kila mara, "Mwambie ndugu yangu chuma kinakaribia." Kila barua. Chuma kinakaribia. Baba Mdogo ameniambia jana kwamba nyumbani walifanya hayo maneno mzaha. Mtu akichelewa kulipa mahari, wanasema chuma kinakaribia. Iliniuma, Baba. Iliniuma kuliko kicheko cha hapa Lindi.

Sasa nikuambie nilichoona.

Kila ulipowasha, kwanza ulimwaga majivu kuzunguka tanuru, na ndani ya mviringo huo haingii mwanamke. Ndivyo wahunzi wa kwetu walivyofanya tangu zamani, nawe ukafanya. Nilipomzaa Nekesa ukausogeza mstari mbali zaidi, hadi karibu na choo, kwa sababu mwanamke anayenyonyesha akikaribia, chuma hugeuka maziwa. Sikukasirika. Niliweka ugali wako na omena juu ya majivu, nikarudi nyuma, nawe ukaja kuchukua. Na anayevukuta, anayepuliza moto kwa mivukuto, lazima awe mwanamume wa damu ya ukoo. Hapa Nairobi damu ya ukoo ilikuwa wewe peke yako.

Kwa hiyo ulivukuta peke yako. Mivukuto miwili ya ngozi ya mbuzi, mkono huu na mkono huu, kama mtu anayepigana. Makaa yakipungua, unaacha kuvukuta, unakimbilia makaa. Ukirudi, moto umeinama. Unauinua. Mawe yanataka kuongezwa, unaacha tena, unakimbia. Moto unainama tena. Mimi niko pale kwenye majivu, mikono mitupu, naona rangi ya moto ikipanda na kushuka, kupanda na kushuka. Na kikohozi kile.

Jioni unatoboa tundu la chini. Uliniambia siri yake: mavi ya chuma, ile takataka ya mawe iliyoyeyuka, yakitoka mepesi kama uji, chuma kimelala ndani. Yakitoka mazito kama ugali, hakuna kitu. Kila mara ulipata ugali. Ukalaumu jiwe, ukaenda kuchimba shimo jingine. Ukalaumu udongo wa tanuru, ukaufinyanga upya. Ukalaumu hata makaa anayotuuzia Wanjiru, maskini, na makaa yake ndiyo bora Kawangware nzima. Majivu hukuyalaumu.

Jiwe halikuwa na kosa, Baba. Wala wewe. Moto ulitaka tu mtu asiyeondoka.

Basi leo kulipopambazuka Baba Mdogo amemwaga majivu, kwa heshima yako alisema, akaweka kiti chake nje na kuligeuzia tanuru mgongo. Nikamfunga Nekesa mgongoni. Nikasimama pale nilipozoea kuweka ugali wako. Nilirudi nyuma hatua moja, nisikudanganye. Nilisema kwa sauti, Baba nisamehe au usinisamehe, nikavuka.

Mama Zuhura, mwenye nyumba wetu, alikuwa anachungulia dirishani. Unamjua huyo Mnubi, hana siri. Akatoka na buibui lake, akamwuliza Baba Mdogo kwa nini ameketi kama bwana harusi aliyekataliwa. Akaelezwa habari ya maziwa na chuma. Akasema, "Walai! Mimi nachemsha maziwa kwenye sufuria tangu niolewe, na sufuria haijayeyuka. Labda maziwa ya Wanubi ni tofauti." Akakunja mikono ya nguo, naye akavuka. Wanjiru alipoleta magunia ya makaa hakuuliza kitu. Alisema tu kwamba mzee aliyatukana makaa yake na leo yeye amekuja kudai haki yake.

Tunavukuta kama tunavyotwanga, Baba. Mmoja anapanda, mwingine anashuka, wa tatu anatia makaa na mawe, na tunabadilishana bila mikono kusimama. Ungeona! Mama Zuhura anaimba kwa Kinubi, Wanjiru anaitikia maneno asiyoyajua. Moto haujainama hata kidogo. Umekuwa mweupe kule ndani, mweupe ambao sikuwahi kuuona wakati wako, na nilipouona nililia, ikabidi Wanjiru anisukume kando, ati machozi yasije yakawa ndiyo maziwa yenyewe.

Baba Mdogo bado amekaa na sururu yake magotini. Lakini kiti kimegeuka. Hakikugeuka kwa mara moja, kiligeuka kidogo kidogo, na sasa anatazama moto kama wewe ulivyoutazama, jicho moja amelifumba. Nyinyi wawili mlikua tanuruni kwa baba yenu. Anajua anachokiona, ila hatasema.

Wanjiru na Mama Zuhura wanakaribia kutoboa tundu. Ningekuwa pale, lakini mtoto alilia, na nimekataa kumwacha alie ili watu wapate kusema nilichagua chuma. Sichagui. Nitanyonyesha na nitafua chuma. Atakayesema haiwezekani aje aniangalie.

Na kama ni ugali? Nimejiuliza, usidhani sijajiuliza. Kama ni ugali nitaishika sururu kama nilivyoahidi, nitabomoa, nitalia, halafu nitamwuliza Mama Zuhura kama ana uwanja mwingine. Udongo haujaisha Kibera. Mawe hayajaisha Kawangware. Walinicheka nikiwa kimya, sasa wanicheke nikifanya kazi.

Basi lala, Baba. Lala vizuri, kifua chako kipumzike, usikohoe huko. Sitakuandikia kwamba chuma kinakaribia, hayo maneno nimeyafunga leo. Ahadi yangu ni hii: chuma cha kwanza nitakachokipata sitakiuza. Nitakifua kiwe jembe, hata likiwa dogo la kuchekesha, nitapanda basi na Nekesa, na nitapalilia kaburi lako kwa mawe ya Kawangware. Majirani wote wa nyumbani watoke waone. Na wale wa mzaha wa mahari wakae mbele.

Nekesa ameachia titi, amelala, ana majivu hadi kwenye kope. Nataka kukuambia jambo la mwisho kuhusu mikono yako, vile

Ngoja. Kuna mtu anaita kule tanuruni. "Fundi! Fundi, njoo uone! Ni uji!" Nilidhani Wanjiru ananitania. Lakini hiyo ni sauti ya mwanamume, Baba, ni ndugu yako, nimemwona, amesimama upande wa ndani wa majivu, sururu ameitupa, na anayemwita fundi ni