Anga la Kinyerezi

Kinyerezi, 8 Septemba 2024

Mke wangu Eufrazia,

Hujambo, na miguu inaendeleaje? Sisi hapa kwa mwanetu Albano tu wazima kwa kiasi chetu. Naandika kwa sababu kwenye simu tunaishia kuulizana tumekula nini. Mashine ya kusafisha damu bado ni mara tatu kwa wiki. Nikirudi siwezi hata kuvua viatu, Albano ndiye ananivua.

Joto limeanza. Jioni natoa kiti uani, lakini taa za mitambo ya umeme zimelifanya anga kuwa rangi ya maji ya mchele. Jana niliona nyota chache, kumbe moja ni ndege inashuka uwanjani. Huko Newala kiangazi hiki najua zimejaa. Hebu nitazamie, uniambie.

Mumeo,
Baba Albano

Newala, 20 Septemba 2024

Baba Albano,

Salamu nyingi. Mimi mzima, miguu ndiyo hiyo hiyo. Juzi nilishinda nafagia chini ya mikorosho, usiku nikalala chali uani nikutazamie, nikasinzia kabla sijaona la maana. Niliamka nguo zimelowa umande.

Jana nikajaribu tena. Yule Nge wa nyota yuko magharibi, kichwa chini, mkia juu, kama ulivyonionyesha tulipooana. Ile njia nyeupe imepita juu ya paa la jiko. Nyingine sijui majina, wewe ndiye unayajua.

Albano kanipigia. Anasema Alhamisi ulikataa kwenda hospitali. Kwa nini sikusikia kwako?

Mama Albano

Kinyerezi, 2 Oktoba 2024

Mama Albano,

Natumaini umeamka salama. Barua yako nimeisoma mpaka karatasi imelegea.

Ni kweli nilikataa. Kesho yake wakanipeleka. Sina hasira na mtu, nimechoka tu. Nilimuuliza daktari, "Nikiacha mashine je?" Akavua miwani. "Mzee, ni siku chache. Pengine wiki mbili." Nikamshukuru kwa kutonificha.

Nataka kuja nyumbani. Mwezi huu kile kikundi cha nyota cha Kilimia kinaanza kutoka mapema usiku, nami ningependa kukiona. Albano analia, anasema hanipeleki stendi ya Mbezi mpaka wewe useme. Sema basi.

Mumeo,
Baba Albano

Newala, 23 Oktoba 2024

Mume wangu Kasimiri,

Salamu zimechelewa, nisamehe. Nilikuwa na hasira. Nilijisemea, nitamwandikia kila nyota, asiwe na sababu ya kuja. Kila usiku nikatoka. Kilimia kinapanda upande wa kwa jirani yetu Marietha, nyota zake zimesongamana kama mtu kamwaga punje za uwele. Nikaandika ukurasa mzima. Nilipousoma nikaona mtu aliyeomba kuona, mimi namsimulia. Nikauchana.

Kisha Albano akanitumia picha yako. Sikukutambua mpaka nilipofika kwenye macho.

Leo nimemwambia akulete. Na yeye akae, asiharakishe kurudi kazini.

Nitawapokea stendi. Ukiniona sisemi, usidhani bado nina hasira.

Mkeo,
Mama Albano