Majibu ya Kaka Yako

Wifi yangu,

Sisi tupo, tunasukuma siku. Baridi imepungua, na kazini hotelini nimehamishwa kutoka kufua mashuka hadi kuyapiga pasi. Mwenzangu wa pasi tunabadilishana lugha: mimi nampa Kiswahili, yeye ananisahihisha lugha ya huku kwao niliyojifunza mwenyewe kwa redio. Huniamkia "shikamoo" kila nikipita, ilhali ana umri wa mama yangu. Nimemwacha, inampa raha.

Kaka yako alikuwa akinicheka nikikariri jikoni, ananiita kasuku. Yeye lugha yenyewe hakutaka hata kuigusa.

Juzi tulikwenda kuchukua majibu yake. Daktari alisema taratibu, nami nikaelewa kila neno. Natamani nisingeelewa. Kaka yako akaniuliza, "Anasemaje?" Nikamwambia yote, wifi: kwamba ini limekwisha, na dawa zilizobaki ni za kutuliza maumivu tu.

Alifuta miwani. Kisha akasema, "Nifundishe kumuuliza kama nitaweza kusafiri."

Nikamfundisha pale pale, neno kwa neno. Akauliza mwenyewe, akijikwaa, na daktari akasogeza kiti akamjibu yeye, si mimi. Anaweza, ila tusichelewe. Tunakuja mwezi ujao.

Mama bado hajui. Mwambie wewe, kwa namna unayoijua. Mimi maneno haya nimeshayatafsiri mara moja, wifi, na sina nguvu ya kuyarudia.

Ni mimi,
mke wa kaka yako