Bega la Wilkista

S.L.P. 1187,
Kitale.
14 Septemba 2025

Mpendwa Mama Mdogo Pauline,

Pokea salamu nyingi kutoka huku kwetu, ambako mahindi yameanza kukauka shambani na kila mtu anaomba mvua ipungue kidogo. Goti lako linaendeleaje na baridi ya Leicester? Na dada Ivy, bado anafanya kazi ya zamu? Uliniambia yeye hutoka wakati wewe unaingia, mnapishana mlangoni kama majirani.

Mimi sasa ni mzima. Nasema sasa kwa sababu wiki sita zilizopita sikuwa mzima, na ndilo lililonifanya nikuandikie. Ningekupigia simu, lakini kuna jambo ambalo nataka ulisome polepole, ukae nalo, ndipo unijibu.

Mwishoni mwa Julai nilishikwa na maumivu chini ya tumbo, upande wa kushoto. Mwenye duka la dawa pale sokoni Kwanza, karibu na shule ninayofundisha, alinipa dawa za amiba. Dawa zikaisha, maumivu yakabaki. Kizito wangu yuko Lodwar kwa kazi ya kuvuta nyaya za stima, kwa hivyo nilijipeleka mwenyewe kwenye kliniki moja hapa Kitale. Daktari aliyenipokea anaitwa Chelagat, mama mpole wa maswali mengi.

"Siku zako za mwisho uliziona lini?" akauliza.

"Naziona hata saa hii. Wiki yote."

"Ni kama zile za kila mwezi?"

Nilipofikiri vizuri, hapana. Yalikuwa matone tu, rangi ya majani ya chai. Akaniambia anataka kupima mkojo kama nina mimba. Nikamuuliza mtu ataona damu aje na ana mimba. "Hilo ndilo nataka kujua pia," akasema.

Mistari ikatoka miwili. Unajua Kizito na mimi tumetafuta mtoto miaka minne. Kwa muda wa kama robo saa, nikingoja kupigwa picha, nilikuwa mtu mwenye furaha kuliko wote Kitale.

Chelagat alizungusha kile chombo chake cha picha juu ya tumbo langu mara nyingi, macho kwenye skrini. Mfuko wa uzazi ulikuwa mtupu.

"Mimba ipo," akasema, "lakini sijui iko wapi."

Maneno hayo hayajanitoka kichwani mpaka leo. Nilidhani mimba ina mahali pamoja tu pa kukaa. Alinieleza kwamba huenda ni changa mno, haijaonekana, au imetunga nje, kwenye mrija unaoleta yai, na mrija ni mwembamba, hauwezi kuilea. Akatoa damu apime homoni ya mimba, akasema tutapima tena baada ya siku mbili tuone inapanda namna gani. Ikipanda kwa kujivuta, hiyo si dalili njema.

"Usikae peke yako, na usiende mbali na hospitali inayofanya upasuaji," akaniambia. "Ukisikia kizunguzungu, au tumbo likizidi, au bega likiuma, usingoje siku ya pili."

"Bega?"

"Bega."

Aliniandikia karatasi yenye kila kitu alichokiona, nami nikashuka kwa Mama, kule Kanduyi, kwa sababu hospitali kubwa ya Bungoma haiko mbali na kwake.

Kesho yake kabla ya adhuhuri tulikuwa tunachagua maharagwe. Kitu kikanichoma tumboni, kikatulia. Nikajilaza kwenye kochi, na hapo ndipo bega la kushoto likaanza kuuma, pale juu kabisa kwenye ncha, uchungu ambao sijawahi kuusikia. Mama akaenda kuleta mafuta ya kuchua. "Umelalia vibaya," akasema.

"Mama, acha hiyo. Twende hospitali."

Daktari wa Bungoma, kijana anayeitwa Naim, aliisoma karatasi ya Chelagat akiwa amesimama. Picha ikaonyesha damu tumboni. Saa nane nilikuwa tayari nimeingizwa kupasuliwa. Mrija wa kushoto ulikuwa umepasuka, wakautoa. Wa kulia ni mzima. Mtoto hangeweza kuokolewa hata tungewahi namna gani, na nimelia kwa ajili yake, Mama Mdogo, bado nalia siku nyingine. Kizito alifika kesho yake, akakaa kando ya kitanda akishika mguu wangu juu ya blanketi.

Lakini unanijua, siwezi kulala na swali. Siku ya tatu nikamuuliza Naim: tumbo ndilo lililopasuka, kwa nini bega? Akaniambia damu ikijaa tumboni hupanda mpaka chini ya kile kiwambo kinachotusaidia kupumua, na mshipa wa fahamu wa kiwambo hicho hupitia shingoni pamoja na ule wa bega. Ubongo hukosea mahali.

Mama alikuwa anakunja leso miguuni pangu. Akaacha.

"Hata kama mtu hajui ana mimba?" akauliza.

"Wengi hawajui, mama."

Akatoka nje, akakaa huko muda mrefu. Aliporudi ndipo akanieleza habari ya dada yenu Wilkista. Mimi nilikua nikijua tu kwamba alipewa sumu na mke mwenziwe, Mama Sifuna, kule Sirisia, na kwamba hakuna mtu wa kwetu anayekula kwake. Sikujua kwamba siku ile ya mwaka 1983 Mama alimkuta dada yake ameegemea ukuta, amekuwa mweupe, analalamika tumbo na bega, na kwamba alimchua bega lile mpaka mikono ikachoka. Jua halikutua Wilkista akiwa hai. Alikuwa na miaka ishirini na nne.

Nilimuuliza Naim pia. Akasema hawezi kumpima mtu aliyezikwa miaka arobaini na miwili iliyopita. "Lakini ungeniletea mgonjwa wa namna hiyo leo," akasema, "hilo ndilo ningelitafuta kwanza."

Sasa nakuuliza wewe, kwa heshima na si kwa kukulaumu. Ulikuwa na miaka kumi na mmoja, umeenda kwa dada yako likizo, na wewe ndiye uliyesema ulimwona Mama Sifuna akimpa uji asubuhi ile. Je, siku zilizotangulia Wilkista alikuwa anaumwa tayari? Uliwahi kumsikia akilalamika tumbo kabla ya uji huo?

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita Mama aliniomba twende Sirisia. Mama Sifuna amezeeka, anatembea kwa fimbo, lakini alitujua tukiwa bado langoni. Mama alimweleza yote, bega, damu, mrija, akisimama kila mara kutafuta maneno. Yule bibi alisikiliza mpaka mwisho.

"Alinijia akisema tumbo linamuuma tangu juzi," akasema. "Ndiyo maana nikampikia uji. Nilingoja mmoja wenu aniulize. Hakuna aliyeuliza."

Mama akapiga magoti, mtu wa miaka sitini na moja. Mama Sifuna akamwinua, akaagiza chai, na Mama akanywa kikombe chote.

Tulipokuwa tunaaga, akaniuliza kama bado tunaongea na wewe. Nikasema ndiyo. Akasema: "Mwandikie Pauline kwamba sina neno naye. Alisema alichokiona. Alikuwa mtoto, na uji nilimpa kweli."

Nimeyaandika kama alivyoyasema, bila kuongeza.

Kizito anakusalimu, na Mama, na mjomba Wepukhulu ambaye bado hajaambiwa habari hii ya Wilkista, Mama anatafuta siku ya kumwambia. Msalimie Ivy, na umwambie mambo ya bega, yeye ni mwanamke pia. Mungu akutunze huko uliko, akupe moyo mwepesi wa kunijibu.

Ni mimi mwanao nikupendaye,
Nakhumicha