Waliompanga Mtu Aliyepigwa Kichwani

Kaka yangu Anwar,

Wiki hii nimevunja rimoti. Niliibamiza ukutani, betri zikaruka hadi jikoni, na nilipoinama kuziokota nikakukumbuka wewe, uliyenifundisha kwamba wateuzi wa timu hawazomewi kwa adabu.

Unaikumbuka ile Test, mechi ya kriketi ya siku tano, tuliyokwenda kuitazama kusini mwa mto, jua limeukausha uwanja ukapasuka kama kisigino, na wenyeji wakapanga warushaji wa kasi watupu, bila hata mmoja wa kuuzungusha mpira, ilhali uwanja mkavu ni wa mzungushaji? Ulipanda juu ya kiti. "Wamekula nini hawa? Hata mama yangu angempanga mzungushaji hapa!" Mzee wa Kizungu aliyekuwa mbele yetu akakuomba ukae.

"Kaa wewe kwanza," ukamjibu.

"Nimekaa."

"Basi kaa zaidi!"

Kufikia chai ya alasiri mlikuwa mnakula pamoja sambusa za shemeji, mkeo, mkiwatukana wateuzi kwa sauti moja.

Ule ulikuwa upumbavu wa kugharimu mechi. Ninaokuandikia leo unagharimu fuvu la mtu. Katika Test ya wiki hii wageni wamempanga mpigaji wao wa kufungua mchezo, yule yule ambaye mechi iliyopita mpira ulimpata kwenye helmeti akaanguka, miguu ikimtetema kama kuku aliyechinjwa. Kwenye benchi ameketi mwenzake mzima kabisa. Wakatuambia amepimwa, tena ana moyo wa simba. Moyo! Nani aliuliza habari za moyo? Kilichopigwa ni kichwa.

Mrushaji wa upande wa pili si mjinga. Alimlenga shingo tangu mwanzo, mpira mfupi, ule unaodunda na kupanda usoni, baada ya mpira mfupi, kama mtu anayepiga msumari, mpaka mmoja ukamkuta chini ya sikio. Niliusikia mlio wake sebuleni kwetu. Mtangazaji akasema, "Ushujaa." Hapo ndipo rimoti ilipopaa.

Simlaumu mrushaji, kazi yake ni hiyo. Nawalaumu waliokaa kivulini na vikombe vyao, wakatazama majina mawili, la mzima na la mgonjwa, wakamchagua mgonjwa kwa sababu jina lake ni kubwa. Mchinjaji walau hushika kisu mwenyewe.

Nawe unajua kwa nini nina hasira hii. Ulipigwa kichwani Jumamosi, katika ligi yetu ndogo ya Kenton, ya wenye maduka na wafamasia. Ukatapika ndani ya gari, ukacheka, ukasingizia bhajia. Wiki nzima ukafunga mapazia kwa kuwa mwanga ulikuchoma macho. Kisha nahodha akapiga simu: "Anwar bhai, ndugu yangu, tuko kumi tu, anakosekana wa kumi na moja."

Nilikukamata shati mlangoni. "Huendi."

"Niachie."

Shati likachanika. Ukanibamiza ukutani kwa ile mikono ya kubeba magunia ya mchele, ukasema, "Watu kumi si timu, bwana mdogo." Ukaenda na shati lako limechanika. Mpira uliokuua haukuwa hata wa kasi.

Makaburini nahodha alilia kuliko sote, akakuita shujaa. Nilimzaba kofi mbele ya imamu, na ningemzaba tena.

Sasa nikuambie habari za binti yako. Nasra anarusha kwa mkono wa kushoto kama wewe, na ana ulimi kama wako. Juzi alipigwa kichwani mazoezini. Test hii tuliitazama pamoja, yeye akiwa na barafu kisogoni, na mpigaji yule alipoanguka aliikandamiza barafu zaidi. Leo asubuhi nikamkuta anafunga kamba za viatu. Unajua watoto wa huku ughaibuni, Kiswahili anakielewa chote ila hujibu kwa Kiingereza. Akaniambia hajambo, timu imepungukiwa, nahodha wake yuko nje na gari.

Sikumshika shati, Kaka. Nilitoka nikasimama mbele ya gari.

Nahodha, msichana mwenye sauti ya king'ora, akapiga honi. "Anko, tunachelewa!"

"Basi nikanyage uende."

Akapiga tena. Nikalipiga boneti ngumi mpaka likabonyea na ngozi ya vidole ikachunika. Majirani wakafungua madirisha. Nasra akatoka mbio, akaubamiza mlango wa uzio kwa gongo lake la kriketi hadi mbao zikaruka, akanipigia kelele usoni, na mara hii kwa Kiswahili:

"Wewe si baba yangu! Sikia, ami? Si baba yangu!"

"Si baba yako," nikamwambia. "Baba yako alikwenda."

Gongo likabaki hewani. Nilidhani litanishukia, na nisingelikwepa. Kisha akageuka, akarudi ndani, na gari likaondoka, timu ikaenda na watu kumi.

Hanisemeshi. Yuko juu anabamiza milango, wa chumba, wa kabati, wa bafu, kisha anaanza upya. Dari inatikisika, chokaa inaniangukia kwenye karatasi hii, shemeji ananiuliza kama nitamkanya.

Simkanyi. Abamize, Kaka. Abamize mpaka nyumba ianguke, ilimradi niwe nasikia kwamba yuko.

Lala wewe, mimi na hasira yangu tuko macho.

Mdogo wako