Shoka Kwenye Paji la Kinyago

Saidi mwanangu,

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe, sikumpa mtu. Darasa la tatu nililoishia linatosha kukugombeza.

Kwanza, wewe ulikuwa mjinga. Ng'ombe wa watu wameingia kwenye ufuta wetu kule Kiegei, wewe unamkata ndama goti kwa panga. Ndama! Yule kijana mchungaji naye akakurudishia kwa fimbo, paji la uso likapasuka kama boga. Nilikupakata mpaka damu ikanikaukia kwenye khanga. Yeye alifungwa. Mimi nikaweka panga chini ya kitanda, namngojea atoke. Kila Ijumaa nalinoa.

Sasa habari za mwanao. Zuhura yuko chuo kikuu Dar, anasomea historia ya sanaa. Nilipoambiwa nilitukana. Vinyago tunavyo hapahapa Mtua, vya kusomea nini? Halafu akaja na kubwa zaidi: anataka kwenda mwaka mzima Ulaya, kwenye chuo chenye vinyago vya kwetu ndani ya makabati ya vioo. Wameshamkubali. Lakini hapandi ndege bila radhi yangu, nami nikamwambia radhi hupati. Nimeshazika mmoja, wa pili akanifie kwenye baridi?

Likizo hii alikuja kuandaa kazi ya kupeleka huko. Akaingia chumbani kwako, akakitoa kile kinyago cha jando ulichokiacha hakijaisha, cha ule mti wa mfune ulioutoa Chinongwe. Jicho moja umelitoboa, la pili bado. Akakilaza uani mchana kweupe, mbele ya wanawake waliokuja kubangua korosho, anakipima kwa futi ya fundi cherehani. Mwanamke, kinyago cha jando! Mimi niliyekuzaa nilikuwa nageuza uso ukikichonga. Mwanne jirani akacheka, "Shoga, mjukuu wako ataolewa na hilo linyago!"

Nikamtandika Zuhura mchi wa bega. Akaanguka. Nikaona haitoshi, nikachukua shoka. Akanishika miguu. "Bibi, nipige mimi. Usimpige baba."

Nikapiga.

Shoka likanasa. Saidi, lilinasa kwenye paji la uso. Palepale. Jicho moja linanitazama, ufa umeshuka hadi puani, na mkono ulioshika mpini ni wangu. Nilipiga yowe wanawake wakakimbia na nyungo zao.

Mwanao hakulia. Alilichomoa shoka taratibu, kama anamtoa mtoto mwiba. Kisha akakaa nami chini, akanionyesha kwenye simu vinyago vya huko Ulaya, ananisomea maandishi ya chini ya kila kinyago. Mchongaji hajulikani. Cha pili, hajulikani. Cha tatu, hajulikani. Nikamwuliza, hawa wachongaji hawakuwa na mama?

"Ndicho ninachokwenda kuwauliza, Bibi."

Kesho yake asubuhi nilikuja kaburini kwako, nikakumwagia unga wa mtama kama walivyofanya wazee, nikakutajia safari yake. Shehe akinuna, anune. Radhi nimempa, na amri juu yake: kazi yake aianze kwa jina lako na langu. Na ule ufa asiuzibe, wala asiufiche kwenye picha. Aandike aliyepiga ni bibi yake, mama wa mchongaji. Akaniuliza kama kweli nataka liandikwe. Nikamwambia, wewe andika, usinichoshe.

Bega lake bado limevimba. Namkanda kwa maji ya moto, hatusemeshani sana.

Panga nimelitoa chini ya kitanda, nafyekea nyasi za mikoroshoni. Yule kijana sijamsamehe, usinisumbue kwa hilo. Ila nakuahidi hivi, mwanangu: mkono huu haupasui tena paji la mtoto wa mtu yeyote, awe wa nyama, awe wa mti.

Jicho lako la pili tumeliacha hivyohivyo. Hatoboi mtu mwingine.

Lala, mkorofi wangu.

Mama yako, uliyemrithi hasira.