Norris na Bia ya Painti Arobaini

Nyumba Na. 14, Mtaa wa Chapel,
Hagwood, Durham,
Uingereza.

9 Machi, 1981

Mpendwa mdogo wangu Freda,

Pokea salamu nyingi za dada yako, ambaye yu mzima ila kachoka. Mu hali gani huko Australia? Goti la Desmond limepona? Na Lorraine ameizoea shule mpya? Sisi huku tunapumua. Baridi ya mwaka huu haina adabu, na hapa ninapokuandikia nimevaa koti ndani ya nyumba, maana makaa tunayawasha jioni tu.

Uliniuliza kama shemeji yako amepata kazi. Hajapata. Tangu kiwanda cha chuma kifungwe Septemba, mji mzima unaitafuta kazi ileile moja. Norris yuko nyumbani kutwa. Nikifagia yupo, nikipika yupo, ananiuliza kwa nini viazi nimevimenya hivi na si vile. Nampenda, Freda, lakini nimechoka naye.

Kilichoniuma zaidi ni mambo ya klabu. Unaijua ada yake: mkikaa watatu, kila mmoja anainunulia meza nzima bia kwa zamu yake, na asiye na cha kununulia haendi. Norris aliacha kwenda Novemba. Kunywa cha mwenzake bila kurudisha, bora afe. Na kila Jumamosi saa kumi na mbili jioni Cuthbert na Alf, wale wenzake wa kwenye tanuru, walikuwa wakija kumpitia, wamevaa tai zao, naye anajifungia bafuni. Mimi ndiye niliyekuwa nafungua mlango. Mara ana mafua, mara tumbo, mara jino. Nimeongopa mpaka nikaishiwa magonjwa.

Krismasi binti yetu Marian akamletea vifaa vya wanaoanza kujifunza kutengeneza bia nyumbani: dumu la kioo, mpira mwembamba wa kuhamishia bia, na kikopo cha kimea kilichopikwa kikawa kizito kama asali. Kinatoa painti nane, yaani chupa nane. Dumu Norris akaliweka kwenye kabati la tangi la maji ya moto, humo ninamokaushia nguo. Siku ya tano povu lilikuwa limekwisha, akaitia kwenye chupa. Nguo zangu zikanuka pombe, nami nikaenda nazo kanisani, na kanisa letu unalijua lilivyo kuhusu pombe. Alirudia mara tatu. Bia haikuwa mbaya, lakini aliinywa peke yake, akiutazama ukuta.

Mwezi uliopita nikamsikia akijisemea kwamba painti nane kwa wanaume watatu hazifikishi hata zamu tatu. Akaamua kuachana na vifaa vya kujifunzia na kuhamia kwenye kopo la kawaida, lile kubwa la painti arobaini, pamoja na ndoo yake yenye kifuniko. Akawaalika Cuthbert na Alf waje Jumamosi ya tarehe saba. Alianza kunyoa ndevu tena. Nikasema moyoni, haya, huenda mume wangu anarudi.

Tatizo, ndoo haikuingia kabatini. Akaiweka jikoni kwa nyuma, penye baridi kali. Nilimuuliza mbona hatumii kile kipimo cha kioo kinachoelea, kinachoonyesha kama sukari imekwisha kuliwa na hamira. Akanijibu kwamba amesimama mbele ya tanuru miaka ishirini na sita akijua chuma kimeiva kwa kukitazama rangi tu, hivyo bia haiwezi kumshinda. Siku ya tano akaitazama, akaona imetulia, akasema tayari. Kumbe haikuwa tayari, hamira ilikuwa imezubaa tu kwa baridi. Akaitia kwenye chupa, kila moja na kijiko cha sukari, akazipanga chini ya ngazi ambako kuna joto. Chupa zote arobaini niliziosha mimi.

Jumatano alasiri, nikiwa napiga pasi, chupa ya kwanza ikapasuka. Halafu ya pili, halafu nikaacha kuhesabu. Norris alinivuta tukaingia chini ya meza, watu wazima wawili, tukakaa humo tumeshikana. Kelele zilipokwisha bia ilikuwa imefika mlango wa mbele, na chupa nzima zilikuwa kumi na moja. Tulizifunika taulo tukazilegeza vizibo moja moja. Kisha akakaa kwenye ngazi, akaniomba nikawaambie wenzake wasije, niseme amelazwa hospitali.

Nilikataa. Nilikuwa nimepiga magoti kwenye bia na vigae vya chupa, kitambaa mkononi, sina nguvu hata ya kugomba. Nikamwambia, "Norris, uongo wangu umeisha. Jumamosi mlango utafungua mwenyewe."

Wakaja saa kumi na mbili kamili. Akafungua. Mimi nilikuwa jikoni nakata mikate, nasikia kila kitu. Aliwaeleza bila kuzunguka: zilikuwa arobaini, zimebaki kumi na moja, na klabu haendi kwa sababu zamu yake ikifika hana kitu mfukoni. Nikaweka kisu chini. Ndipo Cuthbert, ambaye humjui kwa maneno mengi, akasema, "Sikiliza bwana. Sisi klabu tumeacha Novemba hiyohiyo. Tulikuwa tunakuja kugonga hapa huku tunaomba Mungu usitoke."

Norris akamuuliza, sasa na tai hizo walikuwa wanakwenda wapi.

"Tunafika pale kwenye kona," Alf akasema, "tunaagana, kila mtu anarudi kwake."

Freda, wanaume watatu waliofanya kazi bega kwa bega miaka yote ile walikuwa wakifichana umaskini mmoja. Nililia juu ya mikate yangu. Halafu nikasikia mtu anacheka, na ilinichukua muda kutambua kuwa ni Norris. Bia yenyewe ilikuwa povu tupu, wakazinywa chupa zote kumi na moja, kila chupa ikimiminwa kwa zamu kana kwamba aliyemimina ndiye aliyenunua.

Leo asubuhi Cuthbert amekuja na toroli kuichukua ndoo, sasa bia itatengenezwa kwake, na baada yake kwa Alf. Chupa mara hii ataziosha mke wa Cuthbert. Bia hiyo ikiiva, Norris ndiye atakayekwenda kugonga mlango, na ameshaniomba nimpigie pasi shati.

Nisalimie sana Desmond, mbusu Lorraine, na mwambie mama mkwe wako kwamba keki yake ilifika nzima. Marian anawasalimu. Mungu awafunike huko mliko, awape kazi isiyokatika na usingizi wa kutosha, nami anipe huo wa pili.

Ni mimi dada yako akupendaye siku zote,
Thora